Ile Sauti Uliyoifuta

Mwanangu Samira,

Salamu tulishapeana asubuhi, na afya yangu unaijua kwa sababu ni wewe uliyenichemshia tangawizi jana, basi hayo tuyaache. Nakuandikia nikiwa jikoni. Alasiri imeshasaliwa, baba'ko amekwenda kutafuta kamba ya kufungia begi ambalo zipu yake ni nzima, na wewe uko Jang'ombe kumuaga shangazi yako. Najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hamwachi mtu akaondoka bila kula mara mbili. Barua hii nitaitia ndani ya kasha la fidla, pale unapoweka kitambaa cha kufutia nyuzi, ili uikute ukishafika huko chuoni. Ukiisoma mbele yangu utalia, nami nitalia, na baba'ko atakwenda kusimama barazani kama afanyavyo kila watu wakilia.

Habari ya nguo za sufi, pasipoti, na kutomwamini kila anayekuchekea, umeshaambiwa na kila aliyepita hapa wiki hii, mpaka muuza maziwa. Mimi nina jambo moja tu. Ni ile sauti uliyoifuta kwenye muziki wako Ijumaa iliyopita kwa sababu mimi nilikuambia uifute. Nataka uirudishe. Na kwa kuwa mtu hawezi kuamuru hivi leo na kesho akaamuru kinyume bila kujieleza, wacha nijieleze.

Unaikumbuka siku uliponisikilizisha bluzi? Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, ukaingia na simu yako, ukaiegemeza kwenye kopo la chumvi. "Hebu sikiliza mama, usiseme kitu," ukaniambia. Mimi kuambiwa nisiseme kitu jikoni kwangu! Lakini nilinyamaza. Ilikuwa okestra kubwa, ya fidla nyingi zinazokwenda pamoja, zimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nzuri, ndiyo, lakini mkono wangu uliendelea na nazi. Halafu klarineti moja ikaanza kushuka kutoka juu, ngazi kwa ngazi, na ilipofika kwenye sauti ya tatu haikukanyaga ngazi. Iliteleza, ikakaa katikati, si juu si chini, ikakaa hapo kama mtu aliyesahau alilokuwa akilisema. Mkono wangu ukasimama.

"Nani kafiwa?" nikauliza.

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. "Hapana alofiwa, mama. Hiyo bluzi. Wameitia kwenye okestra."

Ukanieleza, na wewe ukieleza jambo unalolipenda mikono yako haitulii. Ulisema bluzi ni nyimbo za watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliofanywa watumwa, nyimbo za kazini na za barazani, mstari mmoja unaimbwa, unarudiwa, halafu unajibiwa. Ulisema zile sauti, hasa ya tatu na ya saba, huzishusha kidogo bila kuzifikisha chini. Baadaye wakaja watunzi wa okestra. Wengine walikuwa Wazungu waliozisikia kumbini wakazipenda, wengine weusi waliolelewa nazo majumbani kwao, wakazitia kwenye kazi kubwa za kupigwa mbele ya watu wenye suti wanaokaa kimya mpaka mwisho. Wapo waliozitia kwa kuchekesha tu, kama pilipili pembeni ya sahani. Na wapo, ulisema, ambao bila sauti ile wasingekuwa na cha kusema. Tabu yao wote ilikuwa moja: karatasi ya muziki ina mahali pa juu na ina mahali pa chini, pa katikati haina.

"Basi si sika hiyo?" nikakuambia, maana kwetu kwenye taarab sika ndiyo njia ya muziki iliyojengwa juu ya sauti ya katikati kama ile.

"Si sika, mama. Sika ina njia yake na bluzi ina yake. Zinakutana pale tu, halafu kila moja inakwenda zake."

"Nnajua sika ina njia yake. Si mie nlokufundisha?"

"Hukunifundisha, mama."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayesema kwamba chai haina sukari. Ukachukua simu yako ukaenda zako chumbani, nami nikabaki na nazi yangu, nikijua kwamba umesema kweli. Nilikufundisha kushika upinde, nilikufundisha mizani, nilikufundisha kukaa wima. Ile sauti nilikuficha, na nilikuficha kwa makusudi. Sababu yake hukuwahi kuiuliza, nami nilishukuru kwamba hukuuliza.

Kabla hujazaliwa, nilipokuwa binti wa pekee kwenye safu ya fidla ya klabu yetu ya taarab pale Mji Mkongwe, walikuja wageni kutoka Ulaya, okestra nzima ya vijana na mwongozaji wao. Ikapangwa tupige pamoja nao nyimbo zetu mbili. Babu yako alikuwa akipiga udi wake, mimi nimekaa kando yake. Wimbo wa pili ulikuwa wa sika, na palikuwa na mahali fulani, mwimbaji akimaliza ubeti, ambapo fidla yangu peke yake ndiyo iliyomjibu. Jibu lenyewe lilikuwa fupi, lakini lilisimama juu ya sauti ile. Pale hata mzee wetu wa akodiani alikuwa ananyamaza. Vitufe vya akodiani vimeshapangwa kiwandani, sauti ile havina, basi kila tukifika pale aliufunga mvukuto wake polepole, akainamisha kichwa, akangoja tumalize. Miaka yote alifanya hivyo na hakuna aliyemwambia afanye. Ilikuwa adabu yake.

Katika mazoezi, nilipoipiga, mwongozaji akasimamisha watu wote. Akanitazama akatabasamu, akaonyesha kidole juu. Nikapiga tena kama nilivyozoea. Akasimamisha tena. Kidole juu. Vijana wake wakanigeukia, mmoja akanong'ona na mwenziwe. Hakuwa mtu mbaya, Samira, nisije nikamsingizia. Aliniletea hata pakiti ya nyuzi mpya, na siku zile nyuzi zilikuwa adimu kuliko sukari. Alisikia kosa tu, kwa sababu sikio lake lilikuwa halijawahi kufikishwa pale. Nilichotakiwa kufanya ni kitu kidogo sana. Ningeiweka fidla mapajani nikamwimbia. Kiingereza sikuwa nacho, lakini kuimba hakutaki Kiingereza. Nikaona haya. Nikapandisha kidole changu pale alipotaka, na yeye akafurahi, na mazoezi yakaendelea.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa. Alikuwepo Bi Zuhura, huyu huyu wa Jang'ombe aliyekuja kukuaga juzi akakuombea dua mpaka uji ukapoa. Unajua mwenyewe watu wetu wanavyosikiliza taarab. Mtu neno likimgusa, au jibu la fidla likimgusa, hainuki akapiga makofi akakaa. Hutoka kwenye kiti chake na pesa mkononi, akaja mbele kwa madaha yake, akatunza. Bi Zuhura alikuwa na mahali pake katika wimbo ule. Ubeti wa pili ukiisha, fidla yangu ikijibu, yeye hujikuta ameshainuka. Alipata kuniambia kwamba pale humkumbuka marehemu mumewe, na wala maneno ya wimbo hayahusiki.

Basi tukafika. Mwimbaji akamaliza ubeti, nami nikajibu kwa sauti iliyonyooka, safi, kama nilivyofundishwa wiki ile. Na pembeni yangu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Akodiani iliingia. Mzee wa watu alisikia sauti ambayo vitufe vyake vinayo, vidole vyake vikaenda vyenyewe. Akanigeukia kwa mshangao, kama aliyekuta mlango wa jirani uko wazi saa isiyo yake. Nikamtazama Bi Zuhura. Alikuwa amekaa. Pesa ilikuwa tayari mkononi mwake, imekunjwa, na alikuwa amekaa.

Wageni walipigiwa makofi mengi. Nilipokuwa natia fidla kwenye kasha Bi Zuhura akanijia, nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba," akasema. Akanishika shavu. "Mwanangu, leo mlikuwa mnasoma kwenye karatasi?" Ni hilo tu. Sikupata kuumizwa na neno kama nilivyoumizwa na lile, na mwenyewe hakukusudia.

Hapo mtu mwenye akili angejifunza alichotakiwa kujifunza. Mimi nikajifunza kinyume chake. Niliporudi nyumbani sikuwaza kuhusu Bi Zuhura. Niliwaza kuhusu yule kijana aliyenong'ona. Nikamlaumu babu yako kwa kunifundisha muziki ambao ukitoka nao nje ya Darajani unaonekana kosa. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakunitetea, na yeye yuko kando yangu. Akasema, "Uloulizwa ni weye, si mie." Nikanuna mwezi mzima. Na nikaapa kwamba nikipata mtoto, hakuna mtu atakayemnyooshea kidole juu.

Ukazaliwa, ukaipenda fidla, nami samaki nikamkunja angali mbichi. Nilichukua plasta ya kufungia vidonda, nikaikata vipande vyembamba, nikavibandika kwenye shingo ya fidla, kila kimoja mahali pa sauti yake. Kidole kinawekwa juu ya plasta, hakitelezi. Kikiteleza nilikupiga kofi dogo la mkono, unalikumbuka. Babu yako alizitazama zile plasta akasema, "Fidla inaumwa wapi?" akatoka. Hakusema jengine mpaka anakufa, na fidla yake, ile aliyonifundishia, akakuachia wewe, si mimi. Na mimi nikabandika plasta kwenye hiyo pia.

Ukawa hodari. Vipande vile hukuvihitaji tena tangu zamani, na mwalimu wako alipokuambia uvibandue ulimjibu, "Vya mama hivyo," ukaviacha. Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, akicheka. Mimi sikucheka.

Sasa tuje kwenye Ijumaa. Ulikuwa umemaliza muziki wako wa okestra, ule ulioupa jina la mtaa wetu wa Kikwajuni, ambao ndio utakaopigwa huko muhula wako wa kwanza. Klarineti inauliza, inarudia swali lile lile, halafu zile fidla kubwa zenye sauti nzito zinajibu, na jibu lao linasimama katikati, pale pale. Bluzi umeipenda mwenyewe, hukuipata kwangu. Mwalimu wa huko alikuwa amekuandikia kwamba muziki ni mzuri, lakini pale hajaelewa unataka sauti gani, ya juu au ya chini, na wapigaji watadhani karatasi imekosewa. Ukaja nilipokuwa nakaanga samaki ukaniuliza ufanyeje. Hata sikugeuka. Nikakuambia, "Andika wanachokijua wenyewe. Usende ukaaibika ugenini."

Ukasema, "Naam, mama." Nikasikia ufutio wako ukisugua karatasi kule mezani.

Jumamosi uliipiga sehemu ile kwa fidla yako, ukiwa na mlango wazi. Swali la klarineti likaulizwa, likarudiwa, na jibu likaja limenyooka. Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa kwenye kiti hiki, na nikabaki nimekaa. Miaka yote hii sikujua Bi Zuhura alijisikiaje siku ile. Jumamosi nilijua. Nilihisi nimeitwa na mtu, nikaja mlangoni, kumbe hakuna mtu. Tangu siku hiyo hujaimba bafuni, na wewe bafuni ni redio. Nimeona haya mwanangu. Nimeona haya kuliko siku ile ya onyesho, kwa sababu siku ile nilijifuta mwenyewe, na safari hii nimemfuta mwanangu.

Usidhani nakujia na mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo imeshachoka, tuiache ipumzike. Wala sitakudanganya kwamba bluzi ni ndugu yetu aliyepotea. Sisi tunajua Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, na nyimbo za waliopitishwa pale nani aliziandika? Lakini wale wa Marekani ni wengine na njia yao ni nyengine, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia tusizichanganye. Ninalojua mimi ni dogo. Mahali pawili mbalimbali watu walitafuta pa kuuweka uchungu wao, na wakaona kwamba juu hapatoshi na chini hapatoshi.

Jana nilikwenda kumwamkia mzee wetu wa akodiani. Macho yamemwisha, lakini masikio yake bado. Nikamwambia ulilonieleza, kwamba wapiga piano wa bluzi, kwa kuwa piano nayo sauti ile haina, hubonyeza vitufe viwili vya jirani kwa pamoja, wakitafuta kilicho katikati. Akapenda sana. Akaagiza aletewe akodiani yake, akabonyeza viwili. Ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie Samira hawa jamaa wana akili," akasema. "Lakini mie ntanyamaza tu." Nimeona nikufikishie, maana kwenye karatasi yako naona piano umeipa kazi mahali pale. Inyamazishe. Iache ingoje. Fidla zisikike peke yao.

Na hao wapigaji wa huko watakuuliza. Watainua vichwa kwenye karatasi, waseme hapa pana kosa, na mwongozaji atakutazama wewe uliyekaa nyuma na koti lako jipya. Hiyo ndiyo dakika ninayoiogopa kwa ajili yako, kuliko ndege, kuliko baridi, kuliko yote aliyoyataja shangazi yako. Usitafute jina la kuwapa. Ukisema sika hawataijua, ukisema bluzi watadhani wanaijua. Simama uwaimbie. Sauti yako si nzuri sana, na mimi ni mama yako naweza kulisema hilo, lakini inafika pale. Nimekusikia bafuni. Walioitia bluzi kwenye okestra mwanzo bila shaka nao kuna siku walilazimika kufungua midomo yao mbele ya watu wenye vyombo vya thamani, wakaimba, wakaonekana wajinga kidogo, halafu wakasikilizwa. Mimi nilikufundisha vidole tu. Hili la kufungua mdomo nilikuwa silijui, na bado silijui, ila nimeona linavyokuwa mtu akilikosa.

Juzi Bi Zuhura alipokuwa hapa nilimfuata mpaka kwenye ngazi. Nikamwambia, Bi Zuhura, mtunze mtoto kabla hajaondoka, akapate moyo. Akanitazama kama niliyetukana. "Hatunzwi mtu kabla hajanigusa," akasema. "Mwambie apige, aniletee nisikie. Mie nipo." Na ana haki.

Sasa nitakuambia nilichokifanya mchana wa leo, usije ukashtuka ukifungua kasha. Nimezibandua plasta zote. Zimeganda kwa miaka, nimetumia maji ya moto na kucha, na kipande kimoja kimetoka na rangi kidogo. Gundi imebaki. Utaihisi chini ya vidole vyako mahali palipokuwa na kila kipande, na usiisafishe haraka. Utakapoipita utajua kwamba mama yako aliwahi kukuwekea mpaka pale, na kwamba alikuja akauondoa mwenyewe, kwa kuchelewa. Karatasi yako iko chini ya barua hii. Pale ulipofuta naona alama ya penseli bado inasomeka. Mkono wako ulikuwa mzito ulipoandika, na ulipofuta ulikuwa mwepesi. Mimi sikuandika kitu juu yake. Hiyo ni kazi yako.

Nasikia sauti ya baba'ko ngazini, naona kamba ameipata. Ninakupenda, Samira, ninakupenda mpaka naogopa, na mengi niliyokukosea yalitoka kwenye woga huo huo. Siku watakayoupiga muziki wako, nitumie kwenye simu. Nitamwita Bi Zuhura, nitamleta na mzee wa akodiani kwa bajaji, tutaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, na hakuna atakayesema kitu. Klarineti itauliza, itarudia. Wewe utakuwa mbali na hutaniona, lakini fidla zikijibu, zikifika pale, mimi nitainuka.

Mama'ko